Mstari wa Masale Uani

Bustani yangu yote imenigharimu shilingi laki moja, elfu arobaini na saba na mia tano. Nimehesabu mara mbili na mara zote mbili nimepata jibu lile lile, jambo ambalo kwenye biashara yangu halitokei kila siku. Humo mna mabanzi ya kujengea matuta ya juu, misumari, safari moja ya udongo, nusu pikapu ya samadi, mbegu, na mpira wa kumwagilia ambao muuzaji aliuanzia elfu kumi na mbili tukaachana elfu sita, yeye amenuna na mimi nimenuna, dalili kwamba bei ilikuwa ya haki. Vyombo sikuvihesabu kwa kuwa vilikuwa vyangu tayari. Masale, mimea ya kuchomeka, nayo sikuyahesabu, kwa sababu niliyakata bure nyumbani kwetu. Hayo ya bure ndiyo yaliyonifikisha hapa, mtu wa kuandika mambo yake badala ya kuyasimulia kibarazani jioni.

Kazi yangu ni vyombo vilivyotumika. Nanunua ndoo za rangi kwa mafundi, madumu ya mafuta ya kupikia kwa wenye migahawa, mapipa kwa yeyote aliyechoka na pipa. Nasugua, nauza. Ukitaka ndoo ya mtu usimuulize bei. Mwambie, "Mama, hii takataka naweza kukusaidia kuiondoa." Atakwambia si takataka, ataanza kuisifia, na hakuna binadamu anayeweza kuisifia ndoo tupu kwa muda mrefu mbele ya majirani. Muda si muda anaona haya, anakuachia kwa mia tano. Ubaya wake ni kwamba ukijifanya huitaki ndoo, huwezi tena kuigeuza ukaitazama chini. Ndiyo maana nyuma ya chumba changu palikuwa na rundo la ndoo zenye nyufa, madumu yaliyotoboka, na mabeseni yaliyoungua upande mmoja. Mke wangu aliliita lile rundo marehemu mtaji.

Ninakaa Soweto, hapa Moshi mjini, chumba na sebule vya uani katika nyumba ya mama mmoja mjane kutoka Machame. Yeye yuko nyumba ya mbele. Katikati yetu kuna ua wa udongo mgumu, tangi la maji, kamba ya kuanikia nguo, na bafu la nje. Miaka yote niliyokaa hapa mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana. Shikamoo mama, marahaba baba, kodi nitaleta Ijumaa, sawa baba. Basi.

Watu huniuliza kwa nini mtu wa Uru, huko mlimani, alime kwenye ndoo wakati kwao kuna udongo mweusi mpaka mlangoni. Jibu ni fupi. Kwetu, kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa na nyumba ndani yake, hugawiwa kwa desturi. Mtoto wa kiume wa kwanza hukatiwa chake. Wa mwisho hubaki na cha baba. Wa katikati hupewa baraka. Mimi ni wa katikati. Baraka zangu nilishuka nazo mjini nikiwa bado sijaota ndevu, na mpaka leo sijapata mtu wa kuzinunua.

Mke wangu alikwenda Dar es Salaam kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Alichukua begi la wiki sita. Mtoto akaota meno, akatambaa, akaanza chekechea, akaja wa pili. Lile begi la wiki sita limeshanunuliwa wenzake wawili. Hatujagombana, na hilo ndilo linalonisumbua. Tungegombana ningekuwa na jambo la kupatana. Hupiga simu Jumapili baada ya misa.

"Umekula nini?" aliniuliza Jumapili moja.

"Wali."

"Na mboga?"

"Sukuma wiki. Ya kununua."

"Fungu shilingi ngapi siku hizi?"

"Mia tano. Majani sita."

"Umeyahesabu?"

"Mara mbili."

Alicheka mpaka mjukuu akaanza kucheka naye bila kujua cha kuchekea. Kisha akasema, "Baba nanii, wewe una ndoo mia huko nyuma na unanunua majani sita?" Akaagana, akakata simu. Nilikaa na ile simu mkononi. Nilitoka nikaenda kulitazama lile rundo kama mtu anayekwenda kutambua maiti.

Nilianza na madumu. Dumu hulikati juu, unalikata ubavuni, ili mshikio ubaki na uweze kulibeba likiwa na udongo na mimea. Ndoo ukishaitoboa kwa msumari uliochomwa motoni, unaweka kokoto chini, halafu udongo uliochanganywa na samadi. Iliyo na ufa haihitaji hata kutobolewa. Hasara imeshafanya kazi. Mapipa niliyapasua kwa urefu yakawa mabwawa mawili mawili ya sukuma wiki. Mabeseni nikayapa mnafu, ile mboga chungu ya majani madogo ambayo kwetu mtu asiyeipenda huulizwa kama anaumwa. Ndoo za rangi zikapata chainizi na vitunguu vya majani. Karoti zinataka kina, nikazipa ndoo ndefu. Baadaye, nilipopata tamaa, nikajenga matuta matatu ya juu kwa mabanzi, karibu na tangi, kila moja limeinuka kufika gotini, kwa sababu ya kuku wa mama na kwa sababu ya mgongo wangu.

Samadi niliifuata Uru kwa mdogo wangu, yule wa mwisho, mwenye kihamba. Alianza elfu sitini.

"Elfu sitini kwa mavi ya ng'ombe wa baba?" nikamwambia. "Hawa ni wajukuu wa ng'ombe niliowakatia majani mimi."

"Basi kadai kwa bibi yao," akasema. "Hawa mimi ndiye nawalisha."

Tulimalizia elfu arobaini na tano, na akanipakilia mwenyewe, nami nikamwona anaongeza koleo mbili za ziada akidhani sioni. Mimi na yeye hatuna namna nyingine ya kuambiana kitu.

Mama mwenye nyumba alikaa wiki nzima akinitazama kupitia pazia. Mwishowe akatoka na fimbo yake, akasimama kichwani pa tuta la kwanza.

"Unazika nani?"

"Napanda mboga, mama."

"Kwenye jeneza?"

"Ni tuta, mama. La juu. Maji hayatuami."

Akalizunguka. Akagonga ubanzi kwa fimbo. "Watu wa Uru bwana. Mnapajua pa kupata hata mahali pasipo na ardhi." Kisha akainama, akachuma jani moja la mnafu, akalitafuna bichi, akakunja uso kwa uchungu wake, akachuma la pili.

Jioni ile ile aliniita kibarazani kwake kwa jambo la biashara. Alitaka mnafu kila siku ya pili na alitaka kujua bei. Nikamwambia mboga ya uani kwake siwezi kumuuzia. Akasema yeye hapokei vya bure, vya bure vina mdomo mrefu. Nikataja kikombe kimoja cha chai ya maziwa kwa fungu. Akasema fungu hilo ni dogo, kikombe nusu. Nikasema kwa nusu naondoa mabua. Tukabishana pale mpaka taa za barabarani zikawaka. Tukapatana kikombe kizima, yeye atachagua majani, mimi nitachagua sukari.

Ikawa desturi yetu. Natoka kazini, naoga, nachuma, navuka ua. Yeye ameshaweka birika. Kichagga chake na changu havielewani, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, ila akikasirishwa na taarifa ya habari alihamia Kimachame na mimi nikawa natikisa kichwa tu. Nilimtania kwamba Machame wanapima sukari kwa kijiko cha dawa. Alinitania kwamba Wakatoliki tunaungama ili tupate nafasi ya mzigo mpya. Aliniambia kuhusu mumewe aliyekuwa fundi cherehani, kuhusu watoto walioko mbali, na kwamba kihamba chake huko Machame kilipungua. Neno hilo, kilipungua, nililisikia nikadhani ni mambo ya mvua na makorongo. Sikuuliza. Kuuliza ni kujua bei, na mimi bei za watu sizigusi kama siko kazini.

Nieleze kitu kimoja kuhusu saa ile. Sokoni naongea na watu kutwa nzima, lakini wote nawaongelesha ili waondoke na ndoo. Kule kibarazani mtu alikuwa ananisubiri. Nikichelewa alisema, "Chai imepoa, utalipa mnafu mara mbili." Sikumbuki lini tena mtu amenitoza faini kwa kuchelewa kwangu.

Ilipofika masika, mabanzi yakaanza kunisaliti. Mchwa walikuwa wameshaingia kwa chini, na mvua ya usiku mmoja ikasukuma ubavu wa tuta la katikati, udongo wa elfu kadhaa na samadi ya bibi yao vikatiririka kuelekea mfereji. Nikauzoa kwa beseni. Mvua iliyofuata ikaumwaga tena. Mabanzi mapya yalikuwa yamepanda bei na muuzaji hakutaka hata kunung'unika kidogo ili nijue pa kuanzia.

Jumapili nikapanda Uru. Nyumbani kwetu, ukingoni mwa kihamba, kuna masale aliyoyapanda babu. Ni mimea ya majani marefu ya kijani, shina kama mkongojo. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinaota hata ukikisahau. Mchwa hawakitaki, kuku hawakipiti kikisongamana, na mizizi yake inashika udongo kama vidole. Nikakata mzigo.

"Masale unapeleka wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Soweto. Yanishikie udongo."

"Unajikatia kihamba kwenye nyumba ya kupanga!" Akacheka. Nami nikacheka. Ilikuwa utani mzuri, na nauli ya kushuka nilimlipia jirani yake tuliyekuwa naye garini kwa furaha tu.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekwenda msibani Machame, angekaa siku mbili tatu. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Nikang'oa mabanzi yaliyooza, nikavuta uzi kutoka kona ya tangi mpaka ukuta wa bafu, nikachomeka masale kwa kufuata uzi, moja baada ya jingine, nikashindilia udongo kwa kisigino. Mstari ulinyooka. Niliutazama kutoka mlangoni kwangu nikaridhika sana. Sasa najua kwamba ule uzi ulikuwa kosa juu ya kosa. Masale yaliyokaa ovyo ovyo mtu anaweza kusema ni mapambo tu. Masale yaliyonyooka, kwa Mchagga yeyote, ni mpaka. Mimi ni Mchagga, nimezaliwa pembeni ya mstari kama ule, na bado nilivuta uzi. Miaka ya mjini imenifanya nione mmea nisione kitu unachosema.

Alirudi Jumatatu mchana. Mimi sikwenda sokoni makusudi, nilitaka kuona uso wake. Aliingia na kitenge cha msibani bado kiunoni, akafika katikati ya ua, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Masale, mama. Pole na msiba."

"Najua ni masale. Nimekuwa Mchagga kabla yako. Nimeuliza hii ni nini."

"Ni ya kushikia udongo tu, usiondoke na mvua."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi waliodhani nimewapunja, na wengine nilikuwa nimewapunja kweli, lakini sijawahi kutazamwa vile. Hakupaza sauti. Aliingia ndani, akafunga mlango. Jioni nilivuka ua na fungu la mnafu kama kawaida. Birika halikuwapo, stuli yangu haikuwapo. Nikaweka fungu kwenye ngazi. Asubuhi nililikuta kwenye ngazi yangu mimi, limefungwa kwa uzi wangu ule ule, limenyauka.

Nikafanya kile ambacho mtu wa biashara hufanya mteja akilalamika: ondoa bidhaa. Jumanne, kabla ya kwenda kazini, niliyang'oa yote. Niliyang'oa haraka haraka, nayatupa kwenye pipa moja baada ya jingine, na nilipoinua kichwa mama alikuwa dirishani, pazia limeshikwa mkononi. Akafungua dirisha. Alisema maneno ya Kimachame nisiyoyajua, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisipate kisingizio.

"Kodi yako ikiisha, utafute pengine."

"Mama, nimeyaondoa!"

"Nimeona," akasema. "Na yule naye aliyaondoa." Dirisha likafungwa.

Yule nani? Siku nzima sokoni niliuza kwa bei ya kwanza, mpaka wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Aliyenieleza ni mleta maziwa. Ni mzee mwenye mvi kunizidi, anashuka na pikipiki kutoka Machame kila asubuhi, anamwachia mama chupa yake getini na hajawahi kuingia ndani hata siku ya mvua. Nilikuwa nadhani ni haraka zake. Nilimkamata pale getini nikamsimulia yote.

"Ulipanda masale ndani ya ua wake," akasema, taratibu, kama anayehesabu chenji.

"Ya kushikia udongo."

"Ulimwambia hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Nimwambie nini tena?"

Akazima pikipiki. Akanieleza kwamba mume wa yule mama alipofariki, wiki ile ile ya msiba, watu bado wamejaa nyumbani, shemeji yake alichomeka masale katikati ya migomba yake. Mjane alipouliza, shemeji akasema ni ya kushikia udongo, mvua zinaondoka na shamba. Mjane akashukuru. Akampikia chai. Baadaye, masale yalipokwisha kuota, yule bwana akayang'oa ya zamani, yale ya mpaka wenyewe, kidogo kidogo. Wazee walipoitwa kuamua wakakuta mstari mmoja tu, umenyooka, na kila mtu kijijini amezoea kuuona. Kihamba kikabaki kipande cha kaburi na mlango. Ndipo akauza alichoweza, akashuka, akajenga hapa Soweto.

"Kwa hiyo nimempandia," nikasema.

"Umempandia, na umemng'olea. Umemaliza yote kwa siku mbili. Mwenzako alichukua miaka."

Nilikuwa naliona lile neno la mama la kibarazani, kilipungua, na mimi nilivyotikisa kichwa na kuongeza sukari.

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Hapo ni sale tu."

Wasomaji wa kwetu wanajua. Kwa wasiojua: mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, jani la sale hufungwa fundo likapelekwa kwa aliyekosewa. Aliyeletewa sale hawezi kukataa kusikiliza. Anaweza kukasirika, anaweza kudai mbuzi, lakini lazima asikilize. Masale ninayo pipa zima, nyuma ya chumba, yameshaanza kuota mizizi humo humo. Jani si tatizo. Tatizo ni kwamba, kama nilivyolelewa mimi, mkosaji halipeleki mwenyewe. Hulitoa kwa mtu wa tatu, mtu mzima, anayeheshimiwa na pande zote mbili, naye ndiye anayevuka ua.

"Nisaidie wewe," nikamwambia mleta maziwa.

Akatikisa kichwa. "Mimi ni wa ukoo wa yule shemeji. Unafikiri kwa nini siingii ndani? Nikilishika sale mbele yake, atajuaje limetoka wapi?" Akawasha pikipiki. Halafu akaongeza, kwa upole ambao afadhali usingekuwapo, "Lakini huwezi kukosa mtu. Mtu mzima kama wewe, miaka yote hapa mjini."

Nikakaa kuhesabu watu wangu. Nilihesabu kama ninavyohesabu fedha, nikaweka hawa huku na wale kule, nikarudia.

Mdogo wangu. Nilimpigia. Alicheka kwanza, halafu akasema atashuka akipata nafasi, kahawa inataka kukatiwa matawi. Nikamwambia nitalipa nauli. Akasema, "Si nauli, kaka. Huyo mama ananijua mimi? Nikifika mlangoni nitasema ni nani?" Ana haki. Hajawahi kufika ninapoishi. Sikuwahi kumwita.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisani. Mtu mzuri, lakini ananijua kwa jina la kwenye orodha ya michango, na mama ni Mlutheri. Mwinjilisti wa usharika wake ningeweza kumfuata, ila ningemfuata kama nani? Majirani wa kushoto wamehamia mwezi uliopita. Wa kulia tunajuana kwa muziki wao. Sokoni nina watu wengi ambao wakiniona wananipigia kelele kwa mbali, na hakuna hata mmoja anayejua nyumba ninayolala, wala mimi sijui zao. Tumeuziana miaka yote. Kila mmoja anajua mwenzake huishia bei gani, na ujuzi wetu umeishia hapo hapo.

Mke wangu angeweza. Yeye na mama walikuwa wanaazimana kinu. Nilimwambia Jumapili, nikamweleza kila kitu bila kupunguza. Watoto walikuwa wanalia nyuma yake.

"Ulivuta na uzi?" akauliza.

"Nilivuta."

"Mungu wangu." Kisha akasema angekuja, ila binti yetu amebadilishiwa zamu kazini na hakuna wa kuwashika watoto, labda Desemba watu wote wakipanda Moshi. Kodi yangu haifiki Desemba. Nilimwambia nimeelewa. Akasema, "Usikae kimya tu, baba nanii, unapenda kukaa kimya ukadhani unamheshimu mtu." Nikamwambia nimeelewa tena.

Kuhama si kitu. Mimi ndiye mkulima pekee Moshi ambaye shamba lake lina mishikio. Pikapu moja, safari moja, nimehamia kata nyingine na chainizi yangu. Chumba kingine kipo, na pengine kwa bei nafuu. Lakini kuna kibaraza kimoja tu mjini hapa ambako nilikuwa ninasubiriwa, na siwezi kuondoka huku yule mama akiamini kwamba hata mpangaji wake wa mnafu alikuwa anampimia ardhi.

Mboga zimeniota kupita kiasi. Mnafu umeanza kutoa maua kwa kukosa mchumaji, sukuma wiki imekuwa na shina kama fimbo. Mboga ya ndoo zote zile kwa mtu mmoja ni adhabu. Nakula asubuhi, nakula jioni, nyingine nawarushia kuku, na kuku ni wake, kwa hiyo kwa njia hiyo bado anapokea kitu kutoka kwangu. Bomba la tangi hajalifunga kufuli. Angeweza, kufuli analo. Kila asubuhi namwagilia, na kila asubuhi pazia linatikisika kidogo. Jana nilisema shikamoo kuelekea dirishani. Sikusikia marahaba, lakini pia sikusikia dirisha likifungwa, na nimelihesabu hilo upande wa faida.

Sasa naomba ushauri kwa mtu yeyote anayezijua mila hizi vizuri kuliko wa katikati aliyeshuka mapema, na hasa kama ni mtu wa Machame. Je, sale linaweza kupelekwa na mkosaji mwenyewe, kama kweli hana wa kumtuma? Au likiwa mkononi mwangu litakuwa jani tu, tena jani lile lile lililomkosea? Na kama lazima abebe mwingine, inatosha huyo awe anaheshimiwa na mama peke yake, au ni lazima na mimi awe ananijua? Kama yupo mtu mzima anayeweza kuvuka ua mmoja kwa niaba yangu kabla kodi haijaisha, ataje gharama zake na sitabishana. Ila anifundishe kwanza: akishafika mlangoni pa mama na kulinyoosha lile jani, ni yeye anayeanza kusema, au anasubiri aulizwe?